Wafinyanzi Wakikutana, Kicheko Nacho ni Kazi



Kila mwaka vikundi vyetu vinapopanga mkutano mkuu, kuna kifungu kimoja cha bajeti ambacho hukatwa kabla ya vingine vyote. Usafiri unabaki. Viti na hema vinabaki. Soda ya mgeni wa heshima inabaki, tena iwe baridi. Lakini mtu akitaja michezo, ngoma, au saa mbili za watu kukaa tu na kuongea, kalamu inapita juu yake. Ati hiyo ni anasa. Ati tumekuja kufanya kazi, si kucheka.

Sisi hatukubaliani na maneno hayo, na leo tungependa kueleza kwa nini. Tutatumia mfano wa mbali kidogo, yaani kongamano la kila mwaka la wafinyanzi wa Marekani. Tumelichagua kwa sababu wasomaji wetu wengi ni akina mama wanaofinyanga nyungu, mitungi na vikombe vya ndani vya majiko. Tena wafinyanzi wa huko wamekutana kwa zaidi ya nusu karne, na ukimwuliza mmoja wao kwa nini anarudi kila mwaka, mara nyingi hataanza na hotuba. Ataanza na marafiki.

KAZI YA MTU PEKE YAKE

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kufinyanga ni kazi ya mikono miwili na kichwa kimoja. Unachimba udongo, unauponda, unatoa mawe na mizizi, unaukanda, unaujenga, unaulainisha, unauanika, unauchoma. Kwa siku nyingi hakuna mtu wa kuongea naye ila chungu.

Hapa kwetu, zamani haikuwa hivyo kabisa. Wataalamu waliochunguza ufinyanzi wa Waluo katika miaka ya 1980 waliandika kwamba mama wengi hawakujifunza kazi hii kwa mama zao wa kuwazaa. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe, kwa wake wenza na kwa majirani. Mwali alifika bomani hajui kitu, akakaa kando ya wakubwa akafinyanga, huku hadithi na utani vikiendelea. Kwa hivyo kujifunza udongo na kupata marafiki yalikuwa jambo moja. Pale penye udongo palikuwa na mkutano karibu kila siku, bila ajenda na bila mwenyekiti.

Leo hali ni nyingine. Jerikeni imechukua kazi ya mtungi, sufuria imechukua kazi ya chungu. Ukipita Ilesi kule Kakamega bado utaona nyungu zimepangwa kando ya barabara, na majiko ya Upesi yamewapa akina mama wa magharibi soko jipya la udongo. Lakini mahali pengi kijiji kilichokuwa na wafinyanzi kumi sasa kina wawili, na wawili hao ni wazee. Mama akibaki peke yake, hana wa kumwuliza na hana wa kumwachia. Siku akienda kwa Mungu, anaenda na kila kitu.

Huko Marekani wafinyanzi wengi walianzia kwenye upweke huo. Mmoja yuko na tanuri lake nyuma ya nyumba, mwingine anafundisha udongo katika shule ambayo hana mwenzake wa somo hilo. Mahitaji ya kukutana yalitoka hapo.

KONGAMANO LENYEWE NI NINI?

Chama kinachoandaa kongamano hili ni baraza la taifa la elimu ya sanaa ya ufinyanzi, na kwa kifupi huitwa NCECA. Wenyewe hutamka "Ensika". Mwanzoni walimu wa ufinyanzi walikuwa tawi dogo ndani ya chama kikubwa cha wataalamu wa viwanda vya matofali, vigae na vioo. Wale wengine waliongea juu ya mashine na kemia. Walimu wa ufinyanzi wakaona wanahitaji meza yao wenyewe, na mwaka wa 1966 wakajitegemea.

Tangu hapo wanakutana kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Machi, kwa siku nne hivi. Hawana mji mmoja wa kudumu. Mwaka wa 2019 ilikuwa Minneapolis, mwaka wa 2023 Cincinnati, mwaka wa 2025 Salt Lake City. Hekima yake ni kwamba mji mwenyeji unafungua milango: majumba ya sanaa yanaweka maonyesho ya vyombo vya udongo, na wafinyanzi wa pale wanapata wageni. Wanaofika ni maelfu. Kuna maprofesa, kuna watu wanaouza vyombo sokoni, kuna wanafunzi, kuna wazee waliostaafu na bado mikono inawasha.

Hotuba zipo, hatukatai. Lakini hebu tuangalie yale mengine, maana ndiyo tunayotaka kuongea juu yake.

KIKOMBE CHA RAFIKI

Jambo moja linalopendwa sana ni mauzo ya vikombe. Wafinyanzi wanatoa vikombe vyao bure, vinapangwa kwenye meza, halafu watu wanapanga foleni kuvinunua. Na si foleni ya mchezo! Wengine wanaraukia pale kabla milango haijafunguliwa. Pesa zinazopatikana zinaenda kwa chama ili kusaidia wasanii wachanga.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Yaani yeye anayewatengenezea wengine vyombo, mwenyewe anakula kwa kigae kilichovunjika. Hapa methali inageuzwa juu chini. Mfinyanzi ambaye kabati lake limejaa vikombe vyake anasimama kwa foleni kununua kikombe cha mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu kikombe kinashikwa mkononi na kinaguswa na mdomo. Ukinywa chai kila asubuhi unahisi mahali ambapo kidole cha mwenzako kilipita, unaona jinsi alivyounganisha mkono wa kikombe. Hilo ni somo, na pia ni salamu. Mwaka mzima unakunywa chai na mtu aliye maili elfu mbali.

Wasomaji wetu watatuambia, "Sisi hatuna pesa za kununuliana vikombe." Sawa. Lakini kubadilishana hakuhitaji pesa. Nyungu yangu kwako, nyungu yako kwangu.

MIKONO INAYOONGEA

Jambo la pili ni kufanya kazi mbele za watu. Jukwaani wanawekwa wafinyanzi wawili au zaidi, kila mmoja na udongo wake, na wanafanya kazi saa kadhaa huku wakiongea. Watu wanauliza, wanajibiwa, wanataniana. Si mhadhara. Ni kama kuchungulia jikoni kwa jirani.

Njia hii ina historia. Mwaka wa 1951 kituo cha wafinyanzi kilianzishwa kando ya kiwanda cha matofali huko Helena, jimbo la Montana, nacho kinaitwa Archie Bray Foundation. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, walifika wageni watatu: Bernard Leach, mfinyanzi wa Uingereza, Shoji Hamada, mfinyanzi wa Japani, na mwandishi Soetsu Yanagi. Hamada alikaa akafinyanga, na wenyeji wakatazama mikono yake. Kati ya waliotazama walikuwa vijana wawili, Peter Voulkos na Rudy Autio, ambao baadaye walikuja kuwa majina makubwa katika ufinyanzi wa Marekani.

Afrika nayo ilipanda jukwaa. Ladi Kwali wa Nigeria alifundishwa ufinyanzi na shangazi yake kijijini, kisha mwaka wa 1954 akajiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Mwaka wa 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew akionyesha kazi yake. Wale waliozoea gurudumu la kufinyangia walishangaa, maana katika kujenga mtungi wake chungu kilitulia na mwenyewe ndiye aliyezunguka. Akina mama wetu wengi wanalijua hilo vizuri. Leo picha ya Ladi Kwali iko kwenye noti ya naira 20.

Na hapo Kenya inaingia. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, alikwenda Uingereza kusoma mwaka wa 1971. Miaka michache baadaye alifika Abuja akajifunza chini ya Ladi Kwali na wenzake kujenga chungu kwa mkono. Leo vyombo vyake, ambavyo havijengwi kwa gurudumu, vinakaa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Ujuzi ule ulitoka kwa shangazi wa kijijini, ukapita kwa Ladi Kwali, ukamfikia binti wa Kenya, kwa sababu watu walikaa pamoja na kutazamana mikono.

KUCHEKA NA UDONGO ULIOANGUKA

Sasa tufike kwa michezo, maana hapa ndipo wengi hutuuliza, "Na hii nayo ina faida gani?"

Katika mikutano mingi ya wafinyanzi, Marekani na Uingereza pia, kuna mashindano ya kuchekesha. Mtu anafungwa kitambaa machoni anaambiwa afinyange bakuli. Au watu wawili wanakaa kwa gurudumu moja, kila mmoja anatumia mkono mmoja tu. Au wanashindana nani atainua ukuta mrefu kuliko wote kabla haujaanguka. Na unaanguka! Udongo unaruka, uso wote unachafuka, umati unapiga kelele. Jioni nyingine kuna dansi, na profesa mwenye mvi anacheza kando ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Tuangalie vizuri kilichotokea pale. Bingwa ameanguka mbele ya watu wote, na amecheka. Yule kijana aliyekuwa akiona haya sasa amejua kwamba udongo hauheshimu cheo. Kesho yake asubuhi atamwendea bingwa yule amwulize swali ambalo jana hangethubutu kuuliza. Kicheko kimefanya kazi ambayo hotuba tatu hazingeweza.

Na maswali hayo ni ya maana. Chukua mfano wa chungu kupasuka motoni. Mama akichoma nyungu 20 na 12 zikipasuka, na yuko peke yake, atasema nini? Pengine atasema amekosa bahati. Pengine atasema kuna jicho baya, kuna mtu alipita pale akatazama vibaya. Kumbe mara nyingi sababu ni maji. Chungu kinaweza kuonekana kikavu nje na bado kina unyevu ndani. Moto ukipanda haraka kupita digrii 100, yale maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na usipoipata unapasua ukuta. Dawa yake ni kuanika vizuri, kupasha nyungu moto taratibu kabla ya kuchoma, na kuchanganya mchanga au vigae vilivyosagwa ndani ya udongo ili mvuke upate pa kupita.

Hii si siri kubwa. Lakini utaipata wapi kama unaona aibu kusema, "Zangu zimepasuka"? Mtu hasemi hasara yake mbele ya watu wasiomjua. Anasema mbele ya marafiki. Ndiyo sababu tunasema urafiki wenyewe ni chombo cha kazi, kama vile jembe la kuchimbia udongo.

Kuna jambo lingine. Zamani, katika nchi nyingi, familia za wafinyanzi zilificha ujuzi wao kama mali. Mchanganyiko wa ile rangi inayong'aa kama kioo juu ya chombo ulikuwa siri ya nyumba. Wafinyanzi wengi wa Marekani leo wanaandikiana michanganyiko hiyo kwa karatasi, hata kwa mfuko wa mkate, wakiwa wamekaa wakila. Wamegundua kwamba wawili wakitumia mchanganyiko uleule, udongo wao, moto wao na mikono yao itatoa vitu tofauti. Mwenzako akijua unachokijua hajakuibia. Amekuongezea mtu wa kushauriana naye.

BAKULI LILILO TUPU

Msidhani furaha hii inaishia kwa wafinyanzi wenyewe. Mwaka wa 1990, katika jimbo la Michigan, walimu John Hartom na Lisa Blackburn walianzisha kitu kidogo. Wanafunzi walifinyanga mabakuli. Watu wakaalikwa kula supu na mkate, wakachanga pesa za kuwasaidia wenye njaa, na kila mmoja akaenda na bakuli lake nyumbani. Likiwa tupu kabatini, linamkumbusha kwamba kuna mahali sahani ya mtu iko tupu.

Wazo hilo lilienea kutoka mfinyanzi mmoja hadi mwingine, na leo linafanywa katika miji mingi ya Marekani na nchi nyingine. Kila mji unafanya kwa njia yake. Ni karamu yenye kelele na kicheko, na bado inalisha watu.

MWAKA AMBAO HAWAKUKUTANA

Thamani ya kitu huonekana kinapokosekana. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020 kongamano lilikuwa limepangwa kufanyika Richmond, jimbo la Virginia. Korona ikaingia, likafutwa kabla ya kuanza. Mwaka wa 2021 walikutana kwa intaneti. Walisikiliza, walitazama mikono kwenye kioo cha kompyuta, na wale ambao hawangeweza kusafiri walinufaika, hilo tuseme ukweli. Lakini kikombe hakipitishwi kwa waya. Mwaka wa 2022 walikutana tena uso kwa uso huko Sacramento, California, na Richmond ikapata zamu yake mwaka wa 2024.

Tuseme pia upande wa pili. Kongamano kama hili lina gharama. Kuna kiingilio, kuna hoteli, kuna nauli. Chama kinatoa misaada kwa baadhi ya wanafunzi na wasanii wachanga, na vijana wengi wanalala wanne chumba kimoja, lakini bado wapo wanaobaki nyumbani kwa kukosa pesa. Furaha ya wenye uwezo peke yao inaweza kugeuka kuwa klabu. Kwa hivyo tukiiga, tusiige bei. Tuige roho yake.

NA SISI JE?

Hatuhitaji maelfu ya watu wala jumba la mikutano. Vikundi vitatu au vinne vya jirani, siku moja, chini ya mti, baada ya mavuno wakati udongo unapatikana na jua lipo la kukausha. Hebu tupendekeze hivi:

1. Kila mtu aje na konzi mbili za udongo wa kwao, na chombo kimoja alichokitengeneza. Udongo wa Bondo si udongo wa Mumias. Kuulinganisha tu ni nusu ya somo.

2. Aje pia na chungu kimoja kilichopasuka. Viwekwe pamoja katikati, kila mtu aeleze chake kilipasuka vipi. Hapa hakuna kucheka mtu, ila mwenyewe akianza kujicheka.

3. Mama mmoja mzee akae afinyange kuanzia asubuhi, na vijana wamzunguke. Asipewe kipaza sauti. Apewe kiti kizuri na chai.

4. Hotuba ziwe fupi. Mgeni wa heshima akija, naye ashike udongo. Akikataa, basi apige makofi.

5. Baada ya chakula, michezo. Kitambaa machoni, mkono mmoja mmoja, chochote mtakachobuni. Wazee na watoto washiriki.

6. Jioni mbadilishane vyombo, na kabla ya kutawanyika mtaje tarehe na boma la mwaka ujao. Mkutano usio na tarehe ya kurudi ni mkutano uliokufa.

Mtu akiuliza gharama, mwambieni: chakula cha kuchangiana, miguu au matatu, na udongo ambao Mungu aliuweka pale bure. Akiuliza faida, msikimbilie kumwonyesha hesabu. Mwulizeni ni mama wangapi katika kata yake bado wanajua kuchoma mtungi usivuje, na ni wasichana wangapi wanaketi kando yao. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Wale wazee wangali nasi. Tuwakusanye wakiwa bado na nguvu za kucheka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika mkutano wetu wa mwaka uliopita, ni saa ngapi tulisikiliza hotuba, na ni saa ngapi tuliongea sisi kwa sisi?
- Ni jambo gani la kazi tulilojifunza kwa rafiki ambalo hatukufundishwa kwenye semina?
- Kuna mfinyanzi, mshonaji au mfumaji gani hapa kwetu anayefanya kazi peke yake? Nani atamtembelea wiki hii?